Jumamosi yako Unguja: baiskeli, mshipi au msitu?

Mpwa wangu ameajiriwa mjini mwaka huu, kazi yake ya kwanza ya kukaa kitini kutwa. Haijatimia miezi mitatu ameanza kulalamika mgongo. Juzi baada ya Isha alinifuata barazani akaniuliza: "Mjomba, wewe Jumamosi hukai nyumbani, na Jumatatu unakwenda kazini umechangamka. Mimi nianze na nini? Baiskeli, kuvua kwa mshipi, au kwenda kutembea msituni?"

Nikamuuliza: "Jumamosi ijayo ni mwezi ngapi?" Yaani tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu.

Akadhani namkwepa. Sikuwa namkwepa. Mtu mwenye kazi hapa Unguja ana Jumamosi nne kwa mwezi, na kabla hajapanga lolote mbili zimeshakwenda: moja ina harusi ya jamaa Fuoni, nyengine ina hitima Mkwajuni. Jumapili ni ya kufua, kukagua madaftari ya skuli na kumtembelea mama. Zinabaki Jumamosi mbili, na ukizitumia vibaya mwezi umekupita. Mimi haya yote matatu nimeyafanya kwa zaidi ya miaka kumi, nikiwa na mke, watoto watatu na kazi ya ofisini, na nilichojifunza ni kwamba kisiwani kwetu huchagui kwa kupenda peke yake. Bahari nayo ina ratiba yake, na ratiba hiyo inajulikana.

Maji kwanza

Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo Unguja maji hukupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi alasiri, na tofauti kati ya kupwa na kujaa hufika karibu mita 4. Maji mafu huja katikati, mwezi ukiwa nusu. Hapo mambo hugeuka: saa nne asubuhi ndiyo yamejaa, saa kumi ndiyo yamekupwa, na hayapandi sana wala hayashuki sana.

Kila siku maji huchelewa kwa dakika kama 50. Zidisha kwa siku 7, unapata karibu saa 6. Ndiyo maana pwani uliyoikuta kavu Jumamosi hii saa nne, Jumamosi ijayo saa hiyo hiyo utaikuta imejaa maji. Jumamosi za bamvua na Jumamosi za maji mafu hupokezana hivyo mwaka mzima, na anayejua leo ni mwezi ngapi wa Kiislamu hahitaji jedwali lolote. Mwezi mosi hadi 4, na 15 hadi 18, hesabu bamvua. Mwezi 8 hadi 11, na 22 hadi 25, hesabu maji mafu.

Shika hilo, maana ndilo linalotenganisha baiskeli na mshipi.

Baiskeli

Baiskeli inakula fedha mwanzo, kisha inanyamaza. Mimi niliiwekea akiba miezi minne, nikanunua ya mtumba yenye gia. Ukienda kununua usivutwe na rangi. Inua gurudumu ulizungushe: ringi ikipepesuka, iache. Tazama viungo vya fremu kama kuna kutu iliyojificha chini ya rangi mpya. Baada ya hapo gharama yako ni tyubu, mafuta ya cheni na fundi wa mtaani, na fundi baiskeli Unguja hakosekani.

Unguja ina urefu wa kilomita kama 85, na sehemu kubwa ya barabara zake ni tambarare, kwa hivyo mtu aliyekaa miaka mingi bila mazoezi anaweza kuanza bila kuaibika. Safari ya kwanza iwe fupi: mjini hadi Chukwani na kurudi, au ukiweza ufike Fumba. Barabara ya Bububu ni karibu kwa wengi wetu, kilomita kama 10 tu, lakini gari ni nyingi na pembeni hapana nafasi. Mimi nikipita huko huwa nimeshavuka Bububu kabla jua halijapanda, nikielekea Mahonda.

Kuna kanuni moja niliyojifunza kwa tabu: toka na upepo usoni, urudi nao mgongoni. Kusi inapovuma, kuanzia Juni hadi Septemba, safari zako ziwe za kusini, Fumba au Unguja Ukuu. Unapigwa na upepo ukiwa na nguvu, na unaporudi umechoka unasukumwa. Kaskazi ikiingia, Disemba hadi Machi, geuza uende Mkokotoni. Mwaka wangu wa kwanza sikujua hilo. Julai nilikwenda Mkokotoni kama ninayeruka, nikajiona bingwa, kisha kurudi nikawa nakanyaga kwa gia ndogo kabisa hadi Adhuhuri ikanipita njiani.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya Tunguu kwenda Bungi, penye miembe ya Bi Khole. Bi Khole alikuwa binti wa Sultani Seyyid Said, shamba lake lilikuwa Bungi, na safu ya miembe iliyobaki kando ya barabara ni kumbukumbu yake. Unatoka kwenye lami iliyokwishaanza kupata moto, unaingia chini ya miti ile, na jasho la shingoni linapoa hapo hapo. Msimu wa maembe mwendo wangu hapo hupungua wenyewe. Maembe yaliyoanguka yamepondwa na magari, harufu yake tamu na kali kidogo kama ya kitu kinachochacha, na nyuki wako juu yake. Tahadhari na maganda. Tairi jembamba linateleza kama limepakwa sabuni. Mara nyingi hukaa hapo nikala boflo langu na kunywa chai ya chupa, nikageuza. Saa nne na nusu niko nyumbani, nimeoga, na siku nzima bado iko mbele yangu. Mpwa wangu hakulitarajia hilo: kwamba mchezo unaweza kwisha kabla watoto hawajamaliza kugombania rimoti.

Jumamosi ya bamvua ndiyo ya kwenda mashariki. Pandisha baiskeli juu ya gari ya abiria nambari 309, mwambie utingo aifunge vizuri, ushuke Paje. Saa nne maji yako mbali kwenye mwamba, wakinamama wako kwenye mashamba ya mwani, na mchanga uliobaki umeshikana kiasi kwamba unaweza kukanyaga hadi Jambiani pwani kwa pwani. Usiahirishe kurudi, kwa sababu maji yakianza kujaa mchanga mgumu unafunikwa na unabaki ule wa juu unaomeza tairi. Na ukifika nyumbani, uoshe cheni kwa maji yasiyo na chumvi na sabuni siku hiyo hiyo, uifute, uitie mafuta. Mimi niliwahi kusema nitaosha kesho. Cheni ile ilikuwa ya rangi ya kahawia kabla ya Alhamisi, na gia hazikukaa sawa tena hadi nilipobadilisha zote.

Gari ndizo hatari. Za kwenda Paje na Nungwi huenda mbio, na dereva hatarajii baiskeli saa kumi na mbili asubuhi. Valia nguo inayoonekana, weka taa nyekundu nyuma, vaa kofia ngumu. Na usitoke bila pampu, tyubu ya akiba na viraka. Nilipata pancha karibu na Kitogani bila chochote kati ya hivyo, nikaburuta baiskeli juani hadi nilipompata mtu aliyekuwa na pampu, kijana wa skuli aliyekataa hata senti yangu.

Mshipi

Sitaficha: ninachokipenda zaidi ni mshipi. Lakini kupenda si hoja ya kumpa mtu mwengine, kwa hivyo nitasema na uzito wake.

Gharama zake ni kinyume cha baiskeli. Mwanzo ni rahisi sana: uzi wa nailoni, ndoana, chubwi la kuzamisha uzi, chambo cha ngisi. Kisha kila safari inadai chake, chambo upya, ndoana zilizobaki kwenye mwamba, na fungu la chombo, maana ngalawa si yako. Ukija na samaki, fungu la chombo hutolewa kwanza ndipo mgawane. Siku nyingi unarudi na kitoweo cha nyumbani na cha jirani mmoja. Siku nyengine unarudi na chumvi usoni tu.

Jumamosi zake ni za maji mafu. Mkondo unakuwa dhaifu, chubwi linakaa chini halikokotwi, na chombo kinaelea karibu saa zote, hivyo unaweza kutoka baada ya swala ya alfajiri na kurudi mchana. Ukitoka siku ya bamvua kwenye pwani ya kina kifupi, maji yanakupwa ukiwa nje, na ukitaka kurudi saa nne utakuta kati yako na nchi kavu kuna matope na urchini, wale wanyama wa baharini wenye miiba, na ngalawa haibebwi begani. Utasubiri nje juani hadi mchana.

Nahodha wangu ni mzee wa pwani ya upande wa mjini, ananiita mwanangu ingawa nina mvi. Mara ya kwanza nilipokwenda nilimwamkia, nikamuuliza tutapata samaki wangapi. Akaniambia, "Marahaba mwanangu. Jifunze kwanza kufua maji." Nikapewa kopo, nikawa nachota na kumwaga nje maji yanayojikusanya chini ya chombo asubuhi nzima, huku bahari ikinilevya. Leo namshukuru. Anayejua kufua, kushika demani, kamba ya tanga, akiambiwa, na kukaa kimya tanga linapogeuzwa, ndiye anayealikwa tena.

Na raha yake iko hapa. Uzi unapita juu ya kidole cha shahada, na kidole hicho ndicho jicho lako la chini ya maji. Kikande anadokoa, tik, tik, tik, ukipandisha unakuta ndoana tupu, imesafishwa. Changu hana mambo hayo. Anachukua na kuondoka, uzi unakwaruza kidole, na kabla hujafikiri mkono umeshavuta. Wakati huo hakuna barua ya ofisi iliyobaki kichwani. Baiskeli inanichosha nikalala vizuri; mshipi unanisahaulisha.

Kuhusu usalama sitaki mzaha. Hakuna mtu wa visiwa hivi anayehitaji kukumbushwa Septemba 2011, Spice Islander, au Julai 2012, Skagit. Kama zile zilikuwa meli na zikazama, ngalawa ni nini? Boya la kuvaa, hata kama vijana wa pwani watakuangalia. Kusi ikiwa kali usitoke, na nahodha akisema leo hapana, usimbembeleze kwa fedha. Anayeanza aanze wakati wa tangambili, Oktoba na Novemba, kusi imekwisha na kaskazi haijaingia, bahari imetulia. Na ukienda upande wa kusini, kumbuka Ghuba ya Menai ni eneo la hifadhi tangu 1997. Kabla ya kushusha uzi, uliza kamati ya wavuvi ya kijiji wapi pameruhusiwa na wapi pamefungwa. Wao wanaishi kwa bahari ile. Sisi tunakwenda kupumzika.

Msitu, kwa ufupi

Jozani haiulizi maji wala upepo. Ni kilomita kama 35 kutoka mjini, gari ya 309 au ya Makunduchi inakushusha langoni, na ni hifadhi ya taifa tangu 2004, pamoja na Ghuba ya Chwaka, kilomita za mraba 50. Kima punju, ambaye asili yake ni Unguja tu, utamwona karibu na barabara akila majani machanga. Watoto wangu walisimama kimya kabisa waliposikia kutoka kwa mwongozaji kwamba kima hawa hula makaa. Ni kweli: majani mengi wanayokula yana sumu, na mkaa huinyonya tumboni. Ukivuka barabara kuna njia ya mbao kati ya mikoko ya Pete. Maji yakikupwa unaona kaa na mizizi, yakijaa unaona samaki wadogo wakipita chini ya miguu.

Ni safari nzuri, na ni pekee kati ya hizi tatu ambayo mke wangu, mama mkwe na mtoto wa miaka minne wote waliifurahia siku moja. Lakini kama mchezo wa kila wiki, mimi sioni. Njia ni fupi, unatembea nyuma ya mwongozaji, mwili haujatoka jasho umeshafika mwisho. Masika msitu hujaa maji na mbu, kwa hivyo Aprili uiache. Nenda mara tatu kwa mwaka na familia yako, usilishe kima, usimsogelee kwa ajili ya picha.

Siku simu inapolia

Kuna kipimo kimoja ambacho wauza vifaa vya michezo hawakitaji, na kwetu ndicho kizito kuliko bei. Maiti hasubirishwi. Mtu akifariki alfajiri, baada ya Adhuhuri amezikwa.

Jumamosi moja nilikuwa nje ya kisiwa cha Chumbe, simu imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kibao. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alifariki asubuhi ile. Nilipofungua mfuko nilikuta nimepigiwa mara kumi na moja. Nahodha aligeuza hapo hapo, lakini upepo ulikuwa unatoka tunakokwenda, ikabidi twende bisha, huku na huku, na mji uko pale machoni haukaribii. Nilifika mtaani watu wanarudi makaburini. Hakuna aliyenilaumu. Mtoto wa marehemu alinipa mkono wenye udongo akasema, "Ulikuwa baharini, ami."

Tangu siku ile, kabla sijapanga kwenda kuvua nauliza wagonjwa wa mtaani wanaendeleaje. Kama yuko anayeniogopesha, nachukua baiskeli. Ukiwa Bungi simu ikilia, saa moja na nusu baadaye uko nyumbani, na ukikwama gari inakubeba na baiskeli yako.

Ramadhani nayo ina hesabu yake. Mshipi nauacha, kukaa juani juu ya maji ya chumvi na kiu si ibada wala si mapumziko. Baiskeli naipanda baada ya Alasiri, kilomita chache tu, narudi na muda wa kusaidia kupanga futari.

Walio Pemba

Pemba hesabu inabadilika, maana Pemba ni vilima. Baiskeli kutoka Chake kwenda Wete kwa barabara ya zamani itakufundisha mapaja yako yako wapi, na anayeanza huko anahitaji gia nzuri kuliko wa Unguja. Lakini kwa msitu Pemba imetushinda. Ngezi unaweza kuiunga na baiskeli: kutoka Konde unaingia msituni, barabara inapita chini ya miti mirefu, unatokea Vumawimbi kwenye pwani isiyo na mtu, na ukiwa na nguvu unaendelea hadi mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Jioni utawaona popo wa Pemba, wakubwa, mabawa kama kanga iliyotandazwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikaribia kumalizwa kwa kuwindwa. Wanavijiji walipoamua kuwalinda waliongezeka, na leo wako kwa maelfu. Kwa hivyo ndugu wa Pemba, kwenu msitu na baiskeli ni safari moja, msitenganishe.

Mpwa wangu nilimwambia hivi: una kazi mpya, huna mtoto, una mgongo unaouma na mama anayekutegemea. Nunua baiskeli, uwe nayo kila wiki hata kwa saa mbili. Mshipi uwe wa Jumamosi moja kwa mwezi, ya maji mafu. Msitu umpeleke mama yako. Mchezo wa kaiti wa Paje, kuteleza juu ya maji ukivutwa na tiara, asinitajie sasa, mafunzo na vifaa vyake vitamla mshahara.

Ameanza kuweka akiba ya baiskeli. Jana alikuja tena barazani, safari hii ameshahesabu mwenyewe: Jumamosi ijayo ni mwezi 9. Nimempigia nahodha, akauliza kama huyo kijana anajua kufua maji. Nikamwambia hajui. "Basi mlete," akasema, "kopo lipo." Tunatoka saa kumi na mbili na nusu, Inshallah, wagonjwa wote wa mtaani wakiwa wazima.